Mita ya gari au GPS ya simu: macho yaende wapi ukiona kibao cha 50?

Weka simu kwenye kishikio, fungua programu ya ramani, kisha shika njia ya Dodoma kwenda Singida pale barabara inaponyooka. Mshale ukitulia kwenye 100, simu inaweza kukuambia 95, au 93, au hata 91. Panda gari jingine na tofauti nayo itakuwa nyingine. Ndani ya gari hapatakosekana mtu wa kusema simu inachelewa, na mwingine wa kusema mita ya gari imechoka, na ubishi utaanzia hapo hadi Manyoni. Wengi humaliza kwa kuamini kifaa kinachowapendeza. Mwenye haraka huamini simu kwa sababu inampa ruhusa ya kuongeza mafuta kidogo, na mwoga wa tochi ya askari ya kupimia mwendo huamini mita.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aondoke nalo. Endesha kwa mita ya gari, lakini ipime mara moja kwa GPS ujue inazidisha kiasi gani. Ukibadilisha saizi ya tairi, ipime upya siku hiyohiyo. GPS yenyewe ni sahihi kuliko mita pale barabara inaponyooka na mwendo ukiwa umetulia. Kwenye kufunga breki, kwenye foleni na chini ya madaraja, mita inaishinda. Anayetaka kujua kwa nini, aendelee.

Mita inahesabu mizunguko

Mita ya gari haijui gari linakwenda kasi gani. Inachojua ni kitu fulani kinazunguka mara ngapi. Kwenye magari ya zamani, kebo ilitoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya dashibodi ikizungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku ikizunguka, inakivuta kikombe kiifuate bila kukigusa, na springi ndogo inakizuia. Mshale umeshikwa na kikombe hicho, hivyo sumaku ikizidi kasi, mshale unapanda. Mfumo huu ulisajiliwa na Otto Schulze wa Berlin mwaka 1902, na ulidumu karibu karne nzima. Springi ikilegea au sumaku ikipungua nguvu, usomaji unabadilika, kwa hiyo mwenye pikapu ya miaka ya themanini asishangae mshale wake ukicheza.

Magari ya sasa hayana kebo. Sensa kwenye giaboksi, au zile za ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga kwenye breki, zinatuma mapigo ya umeme kwenye kompyuta, nayo inayageuza kuwa kilomita kwa saa. Lakini ili ifanye hesabu hiyo lazima iambiwe kitu kimoja ambacho haiwezi kukipima yenyewe: tairi likizunguka mara moja, gari linasogea mita ngapi.

Chukua tairi lililoandikwa 195/65 R15, saizi inayovaliwa na magari mengi ya familia, Noah zikiwemo. Upana ni milimita 195, ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 15. Ukijumlisha unapata kipenyo cha milimita 634 na nusu hivi, na mzingo wa karibu mita mbili kasoro kidogo. Kwenye 80 tairi hilo linazunguka mara 11 na ushee kila sekunde. Kompyuta inahesabu mizunguko hiyo, inazidisha kwa mzingo uliowekwa kiwandani, basi.

Sasa tairi linaisha. Jipya lina meno ya kama milimita 8, na lililofikia mwisho wake halali lina milimita 1.6. Hapo kipenyo kimepungua karibu milimita 13, sawa na asilimia 2. Kompyuta haina habari. Inaendelea kuzidisha kwa mzingo uleule wa kwanza, hivyo mita inazidisha asilimia 2 zaidi ya ilivyokuwa siku tairi lilipofungwa. Gari lilelile, barabara ileile, na tofauti kati ya mita na simu imeongezeka bila mtu kugusa kitu. Upepo pungufu kwenye tairi unasukuma upande huohuo, ingawa kwa kiasi kidogo.

Kiwanda kinaongeza kwa makusudi

Kuisha kwa tairi peke yake hakuelezi tofauti ya 7 au 8 kwenye 100. Sehemu kubwa inatoka kiwandani, na inawekwa kwa kujua.

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inasema mita isionyeshe kamwe kasi iliyo chini ya kasi halisi. Kuzidisha inaruhusu, hadi asilimia 10 ya kasi halisi ukijumlisha na kilomita 4 kwa saa. Fanya hesabu. Gari likiwa kwenye 50 ya kweli, mita inaweza kusoma popote kati ya 50 na 59. Kwenye 80 ya kweli, hadi 92. Kwenye 100, hadi 114. Kwa upande wa pili, mshale wako ukisoma 80, kasi halisi inaweza kuwa ndogo kama 69, na gari bado liko ndani ya kanuni.

Mtengenezaji anakabiliwa na ukuta upande mmoja na uwanja mpana upande wa pili. Akilenga usahihi kamili, tairi jipya lenye kipenyo kikubwa kidogo au sensa yenye hitilafu ndogo itampeleka upande uliokatazwa. Kwa hiyo analenga juu kidogo, na anabaki salama hata mnunuzi akifunga tairi la kampuni nyingine lenye maandishi yaleyale lakini umbo tofauti kidogo. Mimi naona uamuzi huo ni wa busara. Mita inayozidisha humchelewesha dereva dakika chache, lakini inayopunguza inaweza kumfikisha kwenye kivuko cha watoto wa shule akiwa na kasi asiyoijua.

Kuna ushahidi mzuri ambao mtu yeyote anaweza kuupata kwenye gari lake. Sukuma ile mita ndogo ya safari hadi sifuri, safiri kilomita mia moja na zaidi, kisha linganisha umbali huo na ule uliorekodiwa na simu. Kwenye magari mengi yenye tairi za saizi yake, umbali unakaribiana sana, hata pale kasi inapopishana kwa asilimia 6 au 7. Namba zote mbili zinatoka kwenye mapigo yaleyale ya sensa. Mita ya kilomita inaonyesha hesabu kama ilivyo, na mshale wa kasi unaongezewa kabla ya kukufikia.

Kwetu kuna jambo la pili la kuangalia, kwa sababu magari mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani na yakafika hapa yakiwa yametumika. Japani ina ukaguzi wake wa lazima wa magari, unaoitwa shaken. Mita inapimwa kwenye mashine ya roli, mshale ukiwa kwenye 40. Kwa gari lililotengenezwa kuanzia mwaka 2007, kasi halisi lazima iwe kati ya kilomita 30.9 na 42.55 kwa saa. Kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya hapo, kikomo cha juu ni 44.4. Soma tena namba hiyo ya mwisho. Gari la mwaka 2004 linaweza kupita ukaguzi wa Japani mita yake ikisoma 40 wakati linakwenda 44. Mengi hayako hivyo, nayo pia yanazidisha kama wenzao, lakini usemi wa vijiweni kwamba mita ya gari daima inazidisha si salama kwa magari ya umri huo, na bado yako mengi barabarani kwetu.

Simu inasikiliza, haihesabu tairi

GPS haina habari na rimu wala giaboksi. Setilaiti ziko kilomita 20,200 juu ya ardhi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Simu inasikiliza kadhaa kwa pamoja, na kwa kulinganisha muda wa mawimbi kufika inajua iko wapi. Simu nyingi za sasa zinasikiliza pia mifumo ya Urusi, Ulaya na China, yaani GLONASS, Galileo na BeiDou.

Watu wengi hudhani simu inapata kasi kwa kugawa umbali wa nukta mbili kwa muda. Ingefanya hivyo tu, namba ingerukaruka, kwa kuwa mahali penyewe panakosewa kwa mita kadhaa. Vipokezi vizuri vinatumia badiliko la mawimbi alilolieleza Christian Doppler mwaka 1842. Unalijua kwa masikio: king'ora cha ambulensi kina sauti nyembamba kikikujia na nzito kikishakupita. Gari likielekea upande wa setilaiti fulani, wimbi lake linafika likiwa limebanwa kidogo. Likiiacha, linafika limevutika. Kipokezi kinapima kubanwa huko kwa setilaiti zote zinazoonekana, kinaondoa mwendo wa setilaiti zenyewe ambao unajulikana, na kinachobaki ni mwendo wa gari. Chini ya anga wazi na mwendo uliotulia, kasi inayopatikana huwa na kosa chini ya kilomita moja kwa saa. Mita ya gari la kawaida haiufikii usahihi huo.

Jambo moja linalowachanganya wasafiri wengi: kupima kasi hakuhitaji bando. Simu inapokea tu, haitumi kitu kwenda angani. Bando linahitajika kupakua picha ya ramani na kuonyesha foleni, na mtandao huisaidia simu kuzipata setilaiti haraka pale mwanzo. Ukiwa katikati ya pori la Manyoni bila mnara wa simu hata mmoja, namba ya kasi itaendelea kuwa sahihi.

Hofu nyingine inayosikika ni milima. Inasemwa kwamba GPS inapima usawa wa ramani na kwa hiyo inapunjwa kwenye mteremko. Hata kama programu yako inafanya hivyo, piga hesabu: kwenye mteremko mkali wa asilimia 10, kosa ni nusu ya asilimia. Ukienda 60, itasoma 59.7. Si kitu cha kumkosesha mtu usingizi.

Pale simu inapoachwa nyuma

Udhaifu wa kweli wa GPS ni muda. Simu nyingi hutoa namba mpya mara moja kwa sekunde, na programu huilainisha zaidi isirukeruke. Sekunde moja inaonekana ndogo mpaka ufunge breki. Gari likipunguza kasi kwa nguvu ya wastani mzuri, linapoteza kilomita 18 kwa saa kila sekunde. Maana yake unapokaribia kibao cha 50 ukitokea 80, na mguu uko kwenye breki, simu inaweza kukuonyesha 68 wakati gari tayari liko 50, na ukiachia breki ukaanza kukanyaga mafuta kinyume chake kinatokea: gari limeshavuka, simu bado inakupongeza. Mshale wa mita unafuata gurudumu karibu papo hapo. Kwa sehemu yoyote ambayo mwendo unabadilika, mjini, kwenye matuta, nyuma ya lori linalopandisha, mita ndiyo ya kufuata.

Udhaifu wa pili ni anga. Chini ya ile barabara ya juu ya Nairobi Expressway, gari la Mombasa Road linapita likiwa na zege kichwani, na simu inaweza kubaki na namba ya zamani au kubuni mpya. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika, na kasi inaruka kutoka 20 hadi 34 wakati umekaa kwenye foleni. Mteremko wa Kitonga una tatizo lake: mlima unaziba upande mmoja wa anga na kona hazikupi mwendo uliotulia. Zaidi ya hapo, mwenye kushuka Kitonga anapaswa kuwa na macho kwenye barabara na gia ndogo mkononi, akiangalia mshale kwa kona ya jicho. Namba ndogo inayong'aa kwenye kioo cha simu inadai macho mengi zaidi, na hilo peke yake lingetosha kunifanya niichague mita hapo.

Ni vizuri kujua pia kwamba abiria wa mbele hasomi mita uliyoisoma wewe. Mshale uko mbele ya sahani kwa nafasi ya milimita kadhaa. Kwenye magari yetu abiria anakaa kushoto, na kwa macho yake mshale ulio sehemu ya juu ya sahani unaonekana umesogea kulia, yaani umepanda. Mama mkwe akisema unakimbia 110 wakati mbele yako ni 100, hajakosea, ameona alichokiona.

Tairi kubwa: hapa ndipo mita inageuka hatari

Sehemu hii naiandikia zaidi wenye Prado, pikapu na kila aliyeinua gari lake ili lipendeze au lipite matope.

Prado nyingi zilikuja na 265/65 R17, kipenyo cha milimita 776. Ukipandisha ukuta kidogo tu na kufunga 265/70 R17, kipenyo kinafika 803. Ongezeko ni asilimia 3.4, na huenda akiba ya kiwanda, yaani ile ziada iliyoongezwa kwenye mshale, ikalimeza. Lakini ukienda kwenye 285/70 R17, kipenyo ni 831, yaani asilimia 7 zaidi. Tuseme mita yako ilikuwa ikizidisha asilimia 5. Zamani ikisoma 80, ulikuwa unakwenda 76. Sasa ikisoma 80, unakwenda 81 na nusu. Ile akiba yote imeliwa na tairi, na mita imehamia upande ambao kanuni iliukataza. Kama gari lako lilikuwa na akiba ndogo kuliko hiyo, au ni lile la zamani la Japani lisilo na akiba kabisa, kwenye 80 ya mshale unaweza kuwa unakwenda 85.

Kwa gari la namna hiyo nabadilisha ushauri wangu wa mwanzo. GPS ndiyo ya kufuata kwenye barabara kuu mpaka fundi mwenye kifaa cha kompyuta aiambie gari saizi mpya ya tairi, au ufunge kifaa kidogo cha kurekebisha mapigo ya sensa. Kwa magari yenye kebo, kazi hiyo hufanywa kwa kubadilisha gia ndogo ya plastiki kwenye giaboksi.

Na tatizo haliishii kwenye kasi. Mita ya kilomita nayo inahesabu mizunguko, hivyo inapunja asilimia 7 hiyohiyo. Ukibadilisha oili kila kilomita 5,000 za mita, gari limekwenda 5,350. Hesabu ya mafuta nayo itakudanganya kwamba gari limeanza kula zaidi, wakati sehemu ya kilomita hazikuandikwa.

Tochi inasoma nini

Askari wa usalama barabarani akikupiga tochi, kifaa chake hakijali mita wala simu. Kinapima mwendo halisi wa bodi ya gari. Na kwa kuwa anasimama pembeni, pembe kati ya tochi na mwelekeo wa gari hupunguza usomaji kidogo: pembe ya digrii 10 inaondoa asilimia 1 na nusu. Kosa hilo linamwelemea askari na kumpendelea dereva.

Kwa hiyo utetezi wa "mita yangu ilisoma 50" wakati tochi inasema 57 una maelezo machache tu. Mita ya gari lenye tairi za saizi yake inakosea kwa kuzidisha. Kama ilisoma 50, kasi halisi ilitakiwa kuwa 50 au pungufu. Ama ulitazama mita baada ya kukanyaga breki, na tochi ilikusoma ukiwa mita mia mbili nyuma. Ama tairi ni kubwa. Ama una lile gari lenye mita ya kiwango cha zamani cha Japani. Sababu ya kwanza ndiyo ya kila siku: dereva wengi huanza kupunguza kasi wanapokifikia kibao, ilhali kikomo cha 50 kinaanzia kwenye kibao chenyewe.

Wapo wanaoitumia tofauti hii kama hazina. Wanajua mita inazidisha 5, basi wanaendesha kwa 55 ya mshale ndani ya kijiji. Kihesabu wako sawa, kama wamepima kweli na tairi hazijabadilika. Mimi siwashauri kuimaliza akiba yote. Umbali wa kufunga breki unakua kwa mraba wa kasi, na wanaovuka barabara pale Gairo au Mtito Andei hawajui gari lako lina akiba kiasi gani.

Namna ya kupima gari lako

Kazi hii ni ya nusu saa na haina gharama. Jaza upepo kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tafuta kipande tambarare na kilichonyooka, bila msongamano. Mtu wa pili ndiye ashike simu na kuandika, dereva aendeshe. Tuliza mshale kwenye 50 kwa muda wa kutosha namba ya simu iache kucheza, aiandike. Rudia kwenye 80, na pale sheria inaporuhusu, kwenye 100.

Namba zitakazopatikana zina habari ndani yake. Mshale ukisoma 50 na simu 47, kisha 80 kwa 75 na 100 kwa 94, tofauti inakua pamoja na kasi, na sababu ni uwiano: tairi, au asilimia iliyoongezwa kiwandani. Ukikuta tofauti ni 3 pale kwenye 50 na ni 3 tena kwenye 100, kiwanda kimeongeza namba isiyobadilika. Ukikuta simu inasoma zaidi ya mita kwenye kasi yoyote, usiendelee kulizoea. Angalia saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi na uilinganishe na ile ya kwenye mlango kabla ya kulaumu dashibodi.

Asiyeiamini simu atumie saa na nguzo za kilomita za pembeni mwa barabara kuu. Gawanya 3,600 kwa sekunde ulizotumia kwenye kilomita moja. Sekunde 45 ni 80 kamili, sekunde 36 ni 100, sekunde 72 ni 50. Kilomita moja ni fupi na kidole kinachelewa, hivyo chukua tano mfululizo: kwa 80 ya kweli zitakuchukua dakika 3 na sekunde 45.

Ipo pia njia ya tatu, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kuongea na simu kwa Bluetooth. Kinasoma kasi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ya gari, na kwenye magari mengi namba hiyo haijaongezewa ile ziada ya dashibodi. Inafuata gurudumu bila kuchelewa na inaendelea kufanya kazi chini ya daraja. Lakini tairi likibadilika, nayo inadanganywa kama mita. Naipendekeza kwa mtu ambaye tayari anacho kifaa hicho kwa ajili ya kusoma hitilafu za injini. Kukinunua kwa ajili ya kasi tu si lazima.

Nani afuate nini

Mwenye gari dogo lenye tairi za saizi yake hana haja ya kubeba namba mbili kichwani. Apime mara moja, akumbuke kwamba kwenye gari lake 80 ya mshale ni 75, na simu aiache ifanye kazi ya kuonyesha njia.

Dereva wa basi au lori ana hali tofauti, kwa sababu kuna mwingine anayesoma kasi yake. Tanzania, magari ya kampuni za mabasi ya mikoani yana kifaa cha VTS, yaani cha kufuatilia mwendo wa gari, kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kifaa hicho kinapata kasi kwa setilaiti. Kikomo cha basi ni 80 ya kweli. Basi lenye mita inayozidisha litaonyesha 84 au 85 wakati mfumo unaona 80, na dereva mgeni wa basi hilo atajikuta akiburuta kwa 75 akidhani yuko kwenye kikomo. Basi lililofungwa tairi kubwa litamponza kinyume chake. Hapa GPS ndiyo rejea, na mita ifundishwe kuifuata. Kenya, vidhibiti mwendo vilivyowekwa kwenye matatu tangu kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, vilisimama kwenye 80 hiyohiyo, na kidhibiti kinachosoma mapigo ya sensa ya gari kinarithi makosa yote ya tairi.

Mwendesha bodaboda mara nyingi mita yake inasoma gurudumu la mbele kwa kebo, na kebo hiyo hukatika na kuachwa imekatika. Simu ingemsaidia, ila kuitazama huku mikono iko kwenye usukani wa pikipiki ni hatari kubwa kuliko kutojua namba. Kebo mpya ni bei ndogo. Anunue kebo.

Abiria wa basi hana chaguo zaidi ya simu, na kwa bahati nzuri hali yake ndiyo inayoifaa: amekaa, macho yako huru, na barabara ndefu iko wazi. Akae dirishani, asiiweke simu mapajani chini ya bati la paa, aisubiri itulie. Ikisoma 96 kwa dakika nzima kwenye tambarare, basi linakwenda 96, hata kama konda anaapa mshale uko kwenye 80.